Inshallah ya Hajja Ebla

Tena

Tangu nirudi, kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka nje ya kanisa na kuniuliza yale yale: Wajir kukoje, Brenda yuko wapi, na kwa nini nilikwenda kumchukua mtoto wangu nikarudi peke yangu. Nikianza kueleza, mmoja ananikatiza kwa kicheko, mwingine anataka kujua habari za joto, na kabla sijavuka Mto Tana tunaitwa kwenye chai. Kwa hivyo leo nimeketi mbele ya cherehani, nimesukuma kando mapazia ya watu, na ninaandika ili msome mpaka mwisho bila kunikatiza.

Kwa wale waliohamia hapa mtaa wa Tena juzi, Brenda ni kitinda mimba wetu. Alisomea ualimu, na huko chuoni akakutana na kijana mpole anayeitwa Yusuf, Msomali wa Wajir. Wakapendana. Aliposilimu na kuitwa Maryam, baba yake, ambaye ninyi nyote mnamjua kwa ukimya, alizidi kunyamaza. Siku ya nikaha alisema ana homa. Nilimshika paji la uso, halikuwa na homa. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa na wanawake, nikala pilau, na sikuelewa hata neno moja. Kisha wakahamia Wajir, ambako Yusuf anafundisha.

Mwaka huu Brenda alijifungua kwa upasuaji, mtoto msichana. Alipoteza damu nyingi. Aliponipigia simu sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. "Niko poa, Mathe," akaniambia, na mimi nikajua kwamba hayuko poa hata kidogo. Baba Brenda alikuwa kando yangu, gazeti mkononi, na kwa muda mrefu hakuwa amegeuza ukurasa.

"Nenda umlete," akasema. "Apone hapa kwao."

Tangu ile nikaha sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi kiasi hicho juu ya Brenda.

Nikaomba kuzungumza na mama yake Yusuf. Yeye Kiswahili hana na mimi Kisomali sina, kwa hivyo Yusuf akawa mkalimani. Nikamshukuru kwa kumtunza binti yangu, kisha nikamwambia ningependa kuja kumchukua apumzike kwetu mpaka apate nguvu. Kukawa kimya kidogo upande ule. Halafu nikamsikia mwenyewe, kabla Yusuf hajatafsiri: "Inshallah."

Neno hilo nalijua. Wateja wangu Waislamu wa Eastleigh wakija kuagiza mapazia kibandani kwangu Muthurwa hulisema kila wanapoaga, na wengi hurudi. Nikakata simu nikamwambia Baba Brenda kwamba mkwe amekubali. Akageuza ukurasa.

Eastleigh hadi Mwingi

Basi liliondoka Eastleigh asubuhi likiwa na magunia ya vitunguu juu ya paa. Aliyekaa karibu nami alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye buibui la kahawia. Alikuwa ameleta maziwa ya ngamia mjini na sasa alikuwa anarudi kwao Habaswein na madumu matupu. Jina lake Mama Fardosa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kinakimbia, na hakuwa na haya ya kuuliza mtu habari zake.

Nilimsalimu kwa adabu: "Habari yako, Hajja." Yusuf kila akimtaja mama yake husema Hajja, nami nilidhani kila mwanamke wa Kiislamu mwenye umri huitwa hivyo, kama sisi tunavyosema mama. Mama Fardosa akanitazama, akacheka hadi madumu yakagongana miguuni pake. Akanieleza kwamba Hajja ni yule aliyekwenda Makka akahiji akarudi, na kwamba yeye amekuwa akiweka nia hiyo tangu alipozaa mtoto wa kwanza na bado hajafika. Hata hivyo hakunikasirikia. Alisema nimemwombea bila kujua, akaitikia "Amin". Kisha akaniuliza naenda kwa nani. Nilipomtajia Hajja Ebla wa Wajir, akanionya kwamba huyo ndiye hasa, amefika na amerudi, nisije nikamwita Ebla tupu mbele ya watu.

Mwingi tuliteremka kula. Mama Fardosa na wanawake wenzake wawili walikuwa wamebeba wali na nyama ya mbuzi katika sufuria kubwa. Wakapakua kwenye sahani moja kubwa, Mama Fardosa akanitazama mimi, akasema, "Bismillahi, Mama Brenda."

Nilielewa kwamba nimepewa heshima ya kuombea chakula, na wala sikushangaa, maana ninyi mnajua ni miaka mingapi nimeongoza maombi ya akina mama. Nikafumba macho. Nikashukuru kwa wali na kwa mbuzi, nikamwombea dereva, nikawaombea wasafiri wote wa nchi kavu na wagonjwa walio vitandani, nikamtaja Brenda kwa jina na yule mtoto ambaye sikuwa nimemwona. Nilipofumbua macho sahani ilikuwa imefika nusu. Lakini wote watatu walikuwa wameacha kula, mmoja ameshika kipande cha nyama kati ya sahani na mdomo, wananingoja. Wakasema "Amin" kwa pamoja, na Mama Fardosa akanisogezea minofu yote iliyobaki.

Akanieleza pole pole, bila kunitia aibu, kwamba bismillahi ni kwa jina la Mungu. Mtu huisema akianza kula, akiwasha gari, akifungua duka, akimwaga maji ya moto. Na akimwambia mgeni mbele ya chakula maana yake ni karibu, nyosha mkono.

"Dua yako ni nzuri," akasema. "Lakini wali unapoa."

Tukiwa tumerudi garini akaniuliza kama niliyekuwa namwomba ni Isa. Nikasema ndiyo, Yesu. Akasema Isa, kisha akaongeza maneno mengine chini chini kama mtu anayepangusa kiti kabla ya mgeni kukaa. Nikamuuliza ameongeza nini. Alisema ni alayhi salaam, amani iwe juu yake, kwa sababu nabii hatajwi hivi hivi tu kama jirani wa mlango wa pili. Nikatazama nje mpaka vilima vya Ukasi. Mimi miaka yote nilidhani watu hawa hawana habari naye, na jina lake nalitaja jikoni nikiungua kidole.

Madogo

Karibu na Madogo basi lilisimama nyuma ya malori mengi. Mvua zilikuwa zimenyesha sana huko milimani, na Mto Tana ulikuwa umevunja kingo zake. Kondakta alishuka kwenda kuangalia mbele. Aliporudi suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Akasema jambo kwa Kisomali, na basi zima, kuanzia wazee wa mbele hadi akina mama wa nyuma, likaitikia kwa sauti moja ya chini: "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun."

Hayo niliyajua. Katika ploti yetu ya zamani kulikuwa na familia ya Kiislamu, na walipofiwa na baba yao ndiyo maneno niliyoyasikia yakitoka mlangoni kwao kutwa. Nikaanza kulia. Nilidhani kuna gari limesombwa mbele yetu na watu wake. Nikamshika Mama Fardosa mkono nikamuuliza ni nani, ni wangapi. Yeye akanishangaa. Alipoelewa akanikumbatia, na nikahisi tumbo lake likitikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Barabara ndiyo imekufa."

Akanifafanulia kwamba maana yake ni sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Kwenye msiba husemwa, lakini pia simu ikipotea, maziwa yakimwagika, maji yakichukua barabara. Mtu akinyang'anywa kitu anajikumbusha kwamba hata yeye mwenyewe si mali yake. Nikapangusa macho. Abiria wa mbele walikuwa wamegeuka, na mzee mmoja akanipa pole kwa msiba wangu.

Tulikaa pale tukingoja maji yapungue. Wanawake wa nyumba za karibu walitupa baraza na mikeka, wakatuuzia chapati na chai ya rangi yenye iliki na tangawizi nyingi mpaka koo likawaka. Watoto walicheza kwenye maji kana kwamba mafuriko yameletwa kwa ajili yao. Mimi sikuwa na raha. Kila nikimwona kondakta nilimuuliza kama kesho tutavuka, na kila mara akanijibu inshallah. Ikaja kesho, hatukuvuka. Nikamuuliza tena, inshallah.

Jioni nikamwambia Mama Fardosa anieleze, hili neno ni ndiyo au ni hapana.

"Ni Mungu akipenda," akasema. "Lakini unataka kujua mtu anataka nini, si ndiyo? Hiyo inategemea. Kuna anayesema inshallah ameshavaa viatu, huyo anakuja. Kuna anayesema kwa sababu kukukatalia usoni ni aibu. Na kuna ambaye hajui kweli, amemwachia Mungu. Huyu kondakta hajui."

Nikamsimulia ile simu yangu na Hajja. Nikamuuliza hiyo inshallah yake ilikuwa ya aina gani. Akataka kujua kama aliisema haraka au alinyamaza kwanza. Nikasema alinyamaza kwanza. Mama Fardosa akashughulika na kukunja shuka yake, akasema ni vizuri tupumzike, safari bado ni ndefu.

Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia. Nililala chali kwenye mkeka nikimfikiria Baba Brenda, ambaye nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu kwamba mambo yamekubaliwa.

Hatimaye maji yalishuka kiasi, na trekta moja likaanza kuvusha watu kwa tela kwenda upande wa Garissa, ambako kulikuwa na basi lingine. Nilipanda na furushi la mtoto kichwani: nguo, blanketi na neti niliyomshonea. Trekta liliponguruma kila mtu alisema bismillahi, na wengine wakaongeza tawakaltu ala Allah, yaani nimejiweka mikononi mwa Mungu. Mimi niliimba wimbo wa kanisani taratibu, na hakuna aliyenitazama vibaya. Kumbe Mama Fardosa na maneno yake yote aliogopa maji kuliko mimi. Alinishika kiwiko kikabaki na alama za vidole. Magurudumu yalipopanda nchi kavu tela zima likasema alhamdulillahi. Nami nilisema. Sikupanga kusema, lilitoka tu pamoja na pumzi.

Garissa hadi Habaswein

Kutoka Garissa nchi inafunguka, mchanga mwekundu na vichaka, na ngamia wanaovuka barabara bila haraka yoyote. Dereva wa basi hili alipenda mawaidha. Alifungulia sauti ya sheikh mmoja mkali, na kila mara sheikh alipomtaja Mtume, basi lote lilivuma kidogo, kama nyuki wamepita, kisha likanyamaza. Nilidhani ni kiitikio. Mara ya tatu nikajitayarisha, nikaitikia "Amina" kwa sauti, lakini wakati huo sheikh alikuwa anaongea juu ya watu wanaopunja mizani. Mama Fardosa alinieleza kwamba ni swala na salamu, Mungu amrehemu na kumpa amani, na kwamba Mwislamu akilisikia jina hilo haliachi lipite kavu.

Mbele yetu alikaa mama kijana na mtoto aliyenona, mashavu yanang'aa, mikono ina mikunjo. Mnajua udhaifu wangu. Nikamshika kidole nikasema, "Huyu mtoto mnono jamani, mzuri, mzito kama gunia." Yule mama akakaza uso, akamfunika mtoto kwa mtandio na kumgeuzia upande wa pili. Niliumia. Nilidhani ni kwa sababu mimi si wa kwao.

Mama Fardosa akaniinamia. Akasema nimesifu bila kumtaja aliyemuumba, na sifa ya namna hiyo mama yeyote wa huku huiogopa, maana huenda ikamrudia mtoto kama jicho la husuda. Nikauliza nifanye nini. "Sema mashallah," akaniambia. Nikainama mbele, nikasema mashallah. Yule mama akageuka, akanitazama vizuri, kisha akamtoa mtoto kwenye mtandio na kuniwekea mapajani. Nilimpakata mpaka Modogashe. Akanilowesha sketi.

Habaswein binti yake Mama Fardosa alikuwa anamngoja na dumu la maziwa mapya. Mama Fardosa akanijazia chupa yangu ya maji, maziwa ya moshi moshi, yenye chumvi kidogo. Nikataka kumshukuru kwa lugha yao, nikasema jazakallah, Mungu akulipe, kama nilivyosikia wanaume wakiambiana. Akanirekebisha kwamba kwa mwanamke ni jazakillah. Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Fi amanillah, Mama Brenda. Uwe katika amana ya Mungu." Basi lilipoondoka nikaona kiti chake kitupu, na ndipo nilipotambua kwamba sikuchukua namba yake ya simu.

Wajir

Yusuf alinipokea stendi. Kutoka pale hadi nyumbani kila mtu alimwita Maalim, hata wazee wenye ndevu za hina waliomzidi umri mara mbili. Nilijisikia vizuri kwa ajili ya Brenda.

Nyumba yao ni ya mawe meupe, ua umefagiliwa, na mlangoni alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, amenyooka. Nilikuwa nimejizoeza tangu Modogashe. Nikasema, "Asalaam aleikum, Hajja."

Akanishika mikono yote miwili na kuitikia kwa ukamilifu, "Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh," kisha akafuliza kuniuliza mambo kwa Kisomali, moja baada ya jingine, na mimi kila moja nikalijibu alhamdulillahi. Baadaye Yusuf aliniambia kwamba aliniuliza habari za njia, za mume wangu, za watoto na za afya, na nikajibu sawasawa, ila pale aliponiuliza kama nina njaa. Kwa jibu langu alielewa kwamba nimeshiba. Ndiyo maana chakula kilichelewa.

Brenda alikuwa chumba cha ndani, harufu ya ubani imejaa. Amekonda. Aliponiona alitaka kuinuka, akashika tumbo, akakaa tena. Nilimkumbatia tukiwa tumekaa hivyo hivyo. Kisha wakanipa mtoto. Wamempa jina Hibo, na kwa Kisomali ni zawadi. Jambo la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa mashallah, na nyuma yangu nikahisi kiganja cha Hajja kikitua begani.

Siku zilizofuata Yusuf akienda shule na Brenda akilala, mimi na Hajja tulibaki jikoni. Akimimina uji wa anjera, ule mkate wao mwembamba, kwenye chuma cha moto, bismillahi. Ikiiva bila kukatika, alhamdulillahi. Yangu ikikatika, na zilikatika nyingi, astaghfirullah, Mungu nisamehe, akiwa anacheka. Nilimwonyesha kwa mikono jinsi tunavyosonga ugali, akajaribu, mwiko ukamshinda, nami nikasema astaghfirullah kwa niaba yake. Alimchemshia Brenda supu ya mbuzi na siagi ya ngamia na kusimama pale mpaka imalizwe. Niliona kwamba binti yangu anapendwa. Hilo halikuniondolea nia yangu. Nilikuwa nimeahidi.

Basi siku moja nikamwambia Yusuf kwamba barabara imefunguka na nataka kuondoka na Brenda wiki hiyo. Akainamisha kichwa, akasema atamwambia mama. Mimi sikungoja. Nikaanza kupanga nguo za mtoto kwenye begi. Hajja akaingia, akaliona begi, akasimama. Akaketi kitandani karibu na Brenda na kumshika mguu kupitia shuka.

Nilikasirika, sitawaficha. Nikamwita Yusuf aje atafsiri. Nikasema mbele ya Hajja kwamba kwenye simu aliniambia inshallah, na mimi kwa neno hilo nimelala Madogo na kuvuka maji kwa trekta. Kama alikuwa hataki, angesema. Brenda alianza kulia, akanishika mkono akisema, "Mathe, please."

Hajja alizungumza kwa muda mrefu bila kupandisha sauti. Yusuf alitafsiri akiangalia sakafu.

"Anasema hakukudanganya. Wewe ni mama, una haki ya kumtaka mtoto wako, hakuweza kukwambia hapana. Na yeye anaogopa, hakuweza kukwambia ndiyo. Akaliacha kwa Mungu."

Nikauliza anaogopa nini. Yusuf alisita. Ilionekana ni jambo ambalo hata Brenda alikuwa halijui lote. Akasema kwamba kabla yeye hajaanza shule alikuwa na dada mkubwa, Sahara. Kila jina hilo lilipotajwa Hajja alisema Mungu amrehemu, kwa Kiarabu, bila kukosa. Sahara alijifungua kwa upasuaji Garissa, na kwa hamu ya kumwona mama yake alipanda lori kurudi kabla hajapona. Barabara wakati ule ilikuwa mawe na mashimo. Mshono ulifunguka njiani. Alifika Habaswein, Wajir hakufika.

Nikakaa kitandani. Sikuwa na Kisomali cha kumpa mama huyo, na Kiswahili changu chote kilikuwa kimeniishia. Nikasema, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun." Niliyatamka vibaya, katikati nikakwama, na Hajja akanimalizia. Akanisogelea. Tulikaa hivyo, mimi nimeshika mkono wake na yeye bado ameshika mguu wa Brenda, mpaka Hibo alipoamka na kudai maziwa.

Begi nikalifungua mwenyewe na kurudisha nguo.

Simu

Iliyobaki ni kumwambia Baba Brenda. Nilimpigia baada ya chakula cha jioni, Brenda na Hajja wapo. Nikamweleza kwamba Brenda hawezi kusafiri bado, na sababu yake. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwamba nilimwambia mambo yamekubaliwa, na kwamba yeye amekwisha kupaka chumba rangi. Sikujua kama amepaka chumba rangi.

Hajja aliona uso wangu. Akanyosha mkono, akaichukua simu sikioni mwangu, taratibu, na kusema, "Asalaam aleikum."

Nilitaka kumwambia kwamba huyu mzee hatamwelewa. Lakini simu ilikuwa na sauti kubwa, na sote tulimsikia akikohoa kidogo, halafu akasema, wazi kabisa, "Waaleikum salaam warahmatullahi, Hajja."

Brenda alinitazama. Mimi nimeishi na mwanamume huyu muda wote huu na sijawahi kumsikia akitamka neno hilo. Hajja akauliza jambo, akajibiwa alhamdulillahi. Akaongea kwa Kisomali sentensi mbili tatu ambazo yule mzee asingeweza kuzielewa, na akamalizia na inshallah.

"Inshallah, Hajja," akasema Baba Brenda. "Haya. Inshallah." Kisha akaongeza kwa Kiswahili, "Nipe huyo mtoto wangu niongee naye."

Brenda alipokea simu kwa mikono miwili. Mimi na Hajja tukatoka nje tukawaacha.

Kurudi

Siku ya kuondoka Hajja alinisindikiza stendi mwenyewe, ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa anatafuta neno la kuniambia ambalo wote wawili tunalo. Alijaribu moja la Kisomali, likashindikana. Akafikiri, akasema, "Arbain." Nikaelewa. Arobaini, siku za uzazi zikiisha. Akanyosha kidole kwenye barabara, kuelekea Nairobi, kisha akajigusa kifua: na yeye. "Inshallah," akasema, na safari hii hakunyamaza kwanza.

Njia ilikuwa kavu, na sina mengi ya kusimulia ya kurudi, ila kwamba Mwingi nilikula peke yangu na sikufurahia.

Nilipofika nilimuuliza Baba Brenda alijifunza wapi kujibu salamu vile. Alisema alipoajiriwa reli akiwa kijana walimpa chumba katika nyumba za Muthurwa, mlango kwa mlango na mzee mmoja wa Mombasa, na kila alfajiri walikutana bombani. Mzee yule hakukubali kusalimiwa nusu. Baba Brenda alidhani amesahau yote. Kisha akanionyesha chumba. Amekipaka rangi ya kijani kibichi, mpaka dari. Sikukosoa.

Sasa mnajua kwa nini kila mkiniuliza Brenda anakuja lini nilikuwa nawajibu inshallah nanyi mnacheka mkidhani nimerudi Mwislamu. Nilikuwa najibu kweli, kwa kadiri nilivyojua.

Leo asubuhi Brenda amepiga simu akiwa Garissa. Ametembea mwenyewe kutoka kwenye basi hadi hotelini akanywa chai, mshono umefunga, hana maumivu. Hibo alikuwa amelala mapajani kwa Hajja, na Hajja alikuwa amekataa kumtoa hata kidogo tangu Wajir. Baba Brenda amesikiliza yote akiwa amesimama. Nimemwambia basi haliwezi kufika Eastleigh kabla ya saa kumi jioni. Akasema anajua. Amevaa koti lake la Jumapili, ameniuliza kama kola imekaa sawa, nikamwekea vizuri, na sasa hivi namsikia akifunga lango nyuma yake, akienda kuwapokea.